Hizi kilo alizipima nani? Timu ya data ya Mafia, mwaka 1915

Mwaka jana, kwa mara ya kwanza maishani, nilikaa upande wa wanaouliza kwenye chumba cha usaili. Ofisi moja inayoshughulika na takwimu za uvuvi (jina silitaji) ilitaka watu wawili wa kuongeza kwenye timu yake ya data, na mimi, mwanafunzi wa uzamili niliyekuwa najishikiza pale, nikaingizwa kwenye jopo. Tangazo tuliliandika wenyewe: Python, SQL, Excel ya kiwango cha juu, uwezo wa kutengeneza dashibodi, shahada ya takwimu au kompyuta. Nikilisoma leo naona kama tulikuwa tunaagiza mashine.

Waombaji walikuja, na wengi walikuwa wazuri kweli. Wa mwisho alikuwa kijana kutoka Mafia, mwenye cheti tu, aliyekuwa ameandika kilo za samaki kwenye diko kwa miaka minne, daftari na kalamu. Tukamwonyesha dashibodi yetu, ile ambayo kila mgeni akija tunamwonyesha, tukamuuliza angeiboresha vipi. Akaiangalia. Akakaa kimya mpaka tukaanza kuangaliana. Kisha akamgeukia mwenyekiti wetu:

"Samahani mama, hizi kilo alizipima nani?"

Jamani, watu watano tuliokaa pale hakuna aliyekuwa na jibu.

Swali lile lilinisumbua. Nikasema ngoja nitafute, hivi watu wa zamani waliokuwa na kazi ya kukusanya habari, kuzichambua na kuzifanyia uamuzi walichagua watu wa namna gani? Na kwa kuwa kijana alitoka Mafia, nikaanza na Mafia. Nilitegemea kukuta kasa na matumbawe. Nikakutana na vita.

Turudi 1914. Vita Kuu ya Kwanza inaanza Agosti, na Wajerumani waliotawala Tanganyika wana manowari moja tu ya kisasa katika bahari yetu, inaitwa Königsberg, nahodha wake Max Looff. Tarehe 20 Septemba 1914 alfajiri inaingia Zanzibar na kuizamisha Pegasus, meli ya kivita ya Waingereza iliyokuwa imesimama bandarini ikitengenezwa. Halafu inapotea. Injini zake zilikuwa zimechoka, na Looff alijua kwamba Waingereza wataleta meli kubwa zaidi kumtafuta. Kwa hiyo akajificha mahali ambapo hakuna mtu wa bahari kuu angefikiria kumtafuta, ndani ya delta ya Rufiji.

Kama umewahi kupanda boti Nyamisati kwenda Kilindoni unaijua delta hiyo. Mto unagawanyika mikono mingi, kila mkono una vijito vyake, mikoko imesimama kama ukuta, na maji yakipwa boti inakaa kwenye tope hadi yajae. Mtu aliye baharini haoni chochote ndani. Ramani za Waingereza za eneo lile zilikuwa za zamani na hazikuaminika, na walidhani meli kubwa kiasi kile haiwezi kuingia. Wajerumani walikuwa wamepima mikono ya mto wakajua inaweza. Ndiyo tofauti ya kwanza kati ya timu hizi mbili, na ilikuwepo hata kabla ya risasi kulia: upande mmoja ulikuwa na vipimo vipya, upande mwingine ulikuwa na dhana.

Waingereza waliipataje? Hapa napapenda sana, kwa sababu hapana shujaa wala darubini. Mwezi Oktoba 1914 meli yao Chatham ilifika Lindi na kuikuta meli ya abiria ya Kijerumani, Präsident. Wakaipekua, wakachukua makaratasi. Kwenye makaratasi yale, ya mizigo, palikuwa na habari za makaa ya mawe yaliyopelekwa kwa matishari mpaka Salale, Rufiji. Sasa jiulize, Salale ya mikoko kuna kiwanda gani cha kuchoma makaa mengi hivyo? Aliyeyaandika alikuwa anaandika mzigo tu, hakuwa na habari kwamba anaandika mahali pa manowari. Tarehe 30 Oktoba Chatham ikafika nje ya delta, kikosi kikashuka pwani kuuliza wenyeji, wenyeji wakasema ndiyo, meli zipo Salale. Milingoti ikaonekana juu ya miti.

Mtu aliyesoma makaratasi yale na kushtuka pale kwenye neno "Salale" ndiye mtu ambaye tangazo letu la kazi lisingempata. Hana programu yoyote ya ajabu. Anajua tu kwamba takwimu iliyoandikwa kwa ajili ya jambo moja inaweza kueleza jambo jingine kabisa, na ana jiografia ya kutosha kichwani kuona kwamba kuna kitu hakikai sawa.

Kuipata meli ilikuwa jambo moja, kuipiga jambo jingine. Manowari kubwa za Waingereza hazikuweza kuingia mtoni, na mizinga yao ikipiga kutoka baharini haikufika. Wakamleta rubani wa kiraia kutoka Durban, Dennis Cutler, na ndege yake ya kutua majini, wakaiweka kisiwa kidogo cha Nyororo, kaskazini-magharibi ya Mafia, ambacho leo ni hifadhi tengefu ya bahari. Novemba 1914 Cutler akaruka, akaiona Königsberg. Akarudi akasema nimeiona.

Unadhani walimwamini? Walisita. Cutler alikuwa anajua kurusha ndege, hakuwa mtu wa manowari. Ukiwa juu, meli iliyofunikwa kwa matawi ya mikoko inaweza kuwa meli yoyote. Ikabidi aruke tena akiwa na ofisa wa jeshi la majini anayejua kutofautisha meli, ndipo taarifa ikakubaliwa. Mtu mwingine ataona hapo dharau ya wanajeshi kwa raia, na pengine ilikuwepo. Lakini mimi naona pia jambo la msingi sana katika kazi yetu. Mwenye chombo cha kukusanya data na mwenye kuijua maana yake mara nyingi ni watu wawili tofauti, na usipowapandisha ndege moja, utapoteza siku nyingi mkibishana. Desemba ndege ya Cutler iliharibika ikashuka mtoni na yeye akakamatwa na Wajerumani. Timu iliyotegemea mtu mmoja ikawa haina macho.

Januari 1915 Waingereza wakaiteka Mafia yenyewe. Haikuwa kwa ajili ya nazi. Walitaka ardhi karibu na Rufiji, mahali pa kuweka meli, mafuta, vipuri na baadaye uwanja wa ndege. Kisiwa kikawa, niseme kwa lugha ya ofisi zetu, chumba cha data cha operesheni nzima. Admirali Herbert King-Hall, mkuu wa kikosi cha majini, alikuwa na miezi sita mbele yake ya kukusanya watu na vitu.

Ndege za kwanza zilizoletwa baada ya Cutler zilishindwa na pwani yetu. Zilitengenezwa kwa baridi ya Ulaya. Huku joto na unyevu vilizifanya zishindwe kupanda juu inavyotakiwa. Zikaletwa nyingine, hizo zikaweza angalau kuruka mpaka delta na kupiga picha. Juni zikafika ndege za kutua ardhini, aina ya Caudron na Henri Farman, na uwanja ukatengenezwa Mafia. Ukizitazama picha za Henri Farman leo utacheka: fito, nyaya na vitambaa, rubani na mwangalizi wamekaa wazi mbele kama watu waliopanda kitanda cha kamba. Na mashine hiyo ndiyo ilivuka mlango-bahari kila mara, huko chini papa, mbele mizinga.

Wakati huohuo palikuwa na kazi nyingine isiyo na picha wala sifa. Ili kuipiga Königsberg ilibidi meli fulani iingie mtoni. Waingereza walikuwa na meli mbili za aina yake, Severn na Mersey, zilizojengwa awali kwa ajili ya Brazil kutumika kwenye mito. Hazikuzama sana majini, na kila moja ilikuwa na mizinga miwili mizito ya inchi sita. Zilivutwa kutoka Malta kupitia Suez, zikafika Mafia mwezi Juni. Lakini ziingie kwa mkono upi wa mto? Kina kikoje? Maji yanajaa saa ngapi, na kwa kiasi gani?

Kazi hiyo akapewa mwindaji, Piet Pretorius, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyewahi kuishi Rufiji na aliyekuwa na ugomvi wake mwenyewe na Wajerumani. Huyu hakuwa mpima ramani. Alikuwa mtu anayeweza kukaa porini, anayezijua njia, na anayejua kuongea na watu wa kule. Aliingia delta na watu wachache, akapima kina kwa mti akiwa kwenye mtumbwi usiku, na akafuatilia kujaa na kupwa siku baada ya siku. Yaani siku nzima kazi ni kuutazama mti uliochomekwa kwenye maji na kuandika namba, kesho tena, keshokutwa tena. Mwisho akaleta jibu la mkono gani meli zinaweza kupita, na wakati gani wa maji.

Ningependa kukaa hapa kidogo kwa sababu najua wengi tunaosoma ukurasa huu tunapenda sehemu ya uchambuzi. Tunapenda modeli. Kupima maji usiku kwa mti hatupendi, tunamwachia "mtu wa fildi," ambaye kwenye ripoti tunamshukuru kwa mstari mmoja na kwenye bajeti tunamlipa posho. Lakini hebu fikiria Pretorius angekosea kwa mita moja. Severn ingekwama kwenye tope mbele ya mizinga ya Wajerumani, na yote mengine, ndege, uwanja wa Mafia, safari kutoka Malta, yangekuwa bure.

Tarehe 6 Julai 1915, alfajiri, Severn na Mersey zikaingia delta kupitia mkono wa Kikunja. Zikatia nanga umbali wa kilomita kumi hivi kutoka Königsberg. Hakuna aliyekuwa anamwona mwenzake. Katikati ni mikoko.

Sasa nieleze jinsi kazi yenyewe ilivyofanyika, maana ndipo sayansi ilipo. Mzinga unapiga kwa kukadiria. Kombora linaruka juu ya miti, linakaa angani sekunde nyingi, linatua mahali ambapo mpigaji haoni. Juu ya shabaha kuna ndege. Mwangalizi anaona maji au tope likiruka, anakadiria kombora limezidi au limepungua, limekwenda kulia au kushoto, na kwa kiasi gani, kisha anatuma kwa simu ya upepo, alama za Morse, herufi chache tu walizokubaliana. Kwenye meli mtu anazipokea, anazigeuza kuwa marekebisho, mzinga unasogezwa, unapiga tena. Pima, linganisha, rekebisha, rudia. Wanafunzi wa uhandisi mtautambua mzunguko huu, ndio huohuo unaotawala pasi ya umeme isiunguze shati na programu zinazojifunza kutokana na makosa yake. Mwaka 1915 mzunguko ule ulikuwa umejengwa kwa binadamu, na kila kiungo chake kilikuwa mtu anayeweza kuchoka, kuogopa au kukosea.

Siku ile kiungo kimoja kilikatika, nacho hakikuwa uvivu wa mtu. Meli zote mbili zilikuwa zinapiga kwa wakati mmoja. Mwangalizi anaona makombora mawili, matatu yanatua. Lipi la Severn, lipi la Mersey? Akituma "umezidi," nani amezidi? Severn inarekebisha kosa la Mersey, Mersey inarekebisha kosa la Severn, na kadiri wanavyorekebisha ndivyo wanavyozidi kupotea. Ongeza na hili kwamba ndege zilikuwa za kupokezana, na kila moja ililazimika kurudi Mafia. Hadi jioni walikuwa wamepiga zaidi ya makombora 600, na yaliyofika kwenye meli yalikuwa ya kuhesabika kwa vidole.

Wajerumani nao walikuwa na timu yao, na kwa masaa kadhaa ilikuwa bora. Waliweka waangalizi ndani ya delta waliounganishwa kwa simu na meli. Kombora moja lilipiga mzinga wa mbele wa Mersey na kuua watu waliokuwa wakiuhudumia. Ilikuwaje meli isiyoona ipige vizuri hivyo? Kumbe kulikuwa na watu juu ya jukwaa kwenye mti, wanatazama na kutoa taarifa. Mabaharia wa Severn wakawaona, wakalipiga jukwaa. Baada ya hapo shabaha ya Königsberg ikaharibika. Ukitaka kujua thamani ya mtu mmoja mwenye simu kwenye timu, hesabu makombora ya kabla na ya baada.

Waingereza wakarudi Mafia usiku ule na maiti zao na meli iliyotobolewa. Siku tano zilizofuata ndizo ninazozithamini zaidi katika hadithi hii yote. Wangeweza kusema tatizo ni ndege mbovu, waombe ndege mpya London, wasubiri miezi. Wangeweza kusema waangalizi hawajui kazi. Badala yake waliupitia utaratibu wenyewe, wakaona tatizo ni kwamba data za vyanzo viwili zinaingia kwenye chombo kimoja bila alama ya kuzitofautisha. Dawa haikugharimu hata senti: meli moja ipige, nyingine inyamaze.

Tarehe 11 Julai wakarudi. Severn ikatia nanga ikaanza. Juu alikuwa rubani John Cull, na mwangalizi wake H. J. Arnold. Safari hii kila kilichoruka chini Arnold alijua ni cha nani. Herufi zikatumwa, mzinga ukasogezwa, tena, tena, na baada ya mizunguko michache makombora yakaanza kuingia. Kisha Königsberg ikaipiga ndege. Injini ikaharibika na Henri Farman ikaanza kushuka.

Arnold hakuacha kutuma. Ndege inaporomoka polepole, Cull anatafuta mahali pa kuangukia, na Arnold bado anatuma marekebisho: makombora yanaangukia sehemu gani ya meli, yasogezwe wapi. Wakapiga maji karibu na Mersey, ndege ikapinduka. Arnold akarushwa nje; Cull alikuwa bado amefungwa mkanda, akafungua chini ya maji akatoka. Wote wawili waliokolewa, na baadaye wote wawili wakapewa nishani ya DSO. Severn iliendelea na vipimo vile vya mwisho, Mersey ikachukua zamu yake baadaye, na mchana ule Königsberg ilikuwa inawaka. Looff, akiwa amejeruhiwa, aliamuru meli ilipuliwe isichukuliwe.

Nimeisimulia kwa furaha kidogo, nakiri, lakini nisisahau nilichokuwa nasimulia. Ni mashine ya kuua, na wanaume wa pande zote mbili walikufa ndani yake kwenye mto ambao haukuwa wao. Wala ushindi wenyewe haukuwa kamili kama ulivyotangazwa. Wajerumani waliipakua ile mizinga kumi ya Königsberg kutoka kwenye tope, wakaikokota Dar es Salaam, wakaitengenezea magurudumu, na ikaendelea kupiga bara katika vita vya Lettow-Vorbeck vilivyowasaga wapagazi na wakulima wetu mpaka Novemba 1918. Mmoja unaweza kuuona leo Mombasa, nje ya Fort Jesus, watoto wanaukalia wakipigwa picha. Timu ya Mafia ilikuwa imepewa swali moja, "meli iko wapi na tuipigeje?", ikalijibu vizuri ajabu. Swali la nini kitaipata mizinga yake halikuwa kazini mwake.

Miaka karibu mia moja baadaye Mafia ilipata timu nyingine, ya amani, na safari hii anayetafutwa ana urefu wa mita kadhaa na madoadoa mgongoni. Papa potwe wanaonekana sana upande wa Kilindoni kati ya Oktoba na Machi hivi, wakila uduvi karibu na mahali wavuvi wanapotega dagaa. Ili umhesabu potwe lazima ujue kama yule wa leo ndiye wa jana, la sivyo utamhesabu mmoja mara kumi. Madoa ya ubavuni, nyuma ya matamvua, hayafanani kati ya potwe na potwe. Lakini nani atalinganisha maelfu ya picha kwa macho?

Jibu lilitoka mbali. Mwaka 2005 watu watatu walichapisha njia ya kulinganisha madoa hayo kwa kompyuta: Jason Holmberg, mtu wa programu, Brad Norman, mtaalamu wa viumbe wa bahari, na Zaven Arzoumanian, mtaalamu wa nyota wa NASA. Walichukua hesabu iliyotungwa miaka ya 1980 kwa ajili ya kulinganisha picha za nyota, ile inayotazama pembetatu zinazoundwa na nukta, wakaigeuzia kwenye ngozi ya samaki. Hakuna tangazo la kazi la mradi wa papa ambalo lingeandika "awe anajua nyota." Mtu wa nyota aliingia kwa sababu kulikuwa na mtu wa bahari aliyeweza kulieleza tatizo lake kwa lugha ambayo mtu wa nyota aliielewa, na mtu wa programu aliyekaa katikati yao.

Na Mafia ikawapa watafiti somo jingine. Kwa macho, potwe walionekana wana msimu: msimu ukiisha wanatoweka, na jibu jepesi lilikuwa kwamba wamehama. Watafiti wakawafunga baadhi yao vifaa vinavyotoa mlio wa kipekee, wakazamisha vipokezi kuzunguka eneo lile. Utafiti uliotoka mwaka 2015 ukaonyesha wengi hawakuhama kabisa. Walikuwepo karibu na kisiwa mwaka mzima, ila nje ya msimu walikaa mbali kidogo na pwani na kina kirefu zaidi, ambako mtu wa boti hawaoni. Yaani daftari la "hatujawaona" lilikuwa limesomwa kama "hawapo." Na angalia kila mlio ulivyokuwa na namba ya mwenyewe. Tatizo la tarehe 6 Julai lisingetokea.

Kwetu sisi lilitokea. Baada ya usaili ule, swali la kijana likanipeleka kwenye mafaili ya zamani ya ofisi, na nikagundua kwamba kwa miezi minne madiko mawili tofauti yalikuwa yanaingizwa chini ya namba moja. Diko moja lilikuwa na mizani ya saa, jingine lilikadiria kwa ndoo. Dashibodi yetu nzuri ilikuwa inachora mstari mmoja uliopanda na kushuka, na sisi tulikuwa tumeandika aya nzima kueleza kwa nini samaki walipungua mwezi wa tatu. Samaki hawakuwa wamepungua. Mwenye ndoo alikuwa amesafiri. Na ushauri ulikuwa umeshakwenda kwa watu, kwamba wapunguze siku za kuvua, na kuna nyumba zilizokula kidogo mwezi ule kwa sababu ya mstari wetu.

Kijana tulimchukua, pamoja na dada mmoja hodari sana wa SQL. Kulikuwa na ubishi kwenye jopo, kwa sababu tangazo lilisema shahada na mtu mmoja alishikilia hapohapo, na sikumlaumu. Tangazo ni letu. Mwishowe mwenyekiti akasema yeye bado anasubiri jibu la lile swali, na asiyelijua asimbishie aliyeuliza.

Siku ya kwanza kazini waliomba kwenda diko wote wawili. Dada alirudi na tope mpaka magotini, akafungua kompyuta, akaongeza safu mbili kwenye jedwali: aliyepima, na alichopimia. Ile miezi minne tumejaribu kuitenganisha kwa kila hesabu tunayoijua. Imeshindikana, na tumeiacha kwenye chati kama nafasi tupu.